Kivuli ni cha Nani?



Mwezi huu nataka kuwaeleza habari ya mti mmoja nilioukata kwa shauri langu mwenyewe, na ya swali nililoulizwa baada ya kuukata. Swali lile sikuweza kulijibu siku ile. Tangu hapo nimelifikiri sana, na naona yafaa tulifikiri pamoja, kwa maana katika vijiji vyetu na miji yetu nyumba zaongezeka kila mwaka na miti yapungua, nasi twaona kama kwamba jambo hili halina haki wala dhuluma ndani yake, bali ni kazi ya shoka na msumeno tu.

Mimi si mwenyeji wa Moa. Nimetoka milimani, Usambara. Nilipofika hapa nilinunua kiwanja kidogo chenye nyumba, na mbele ya nyumba ile palikuwa na mkungu. Sikuupanda mimi, niliukuta. Ulikuwa mti mkubwa, matawi yake yametandaa tabaka juu ya tabaka, kama ilivyo desturi ya mikungu, na kivuli chake kilipita uga wangu kikafika njiani. Asubuhi bibi mmoja, jirani yetu, aliweka jiko lake pale akapika vitumbua. Adhuhuri wavuvi walikaa wakishona nyavu zao na kungoja maji yajae. Alasiri watoto walitoka shuleni na chuoni, wakaokota kungu, wakazipasua kwa mawe na kula kiini chake. Mimi nilipita katikati yao nikiwaamkia, wala sikufikiri kwamba pale palikuwa na neno la kufikiriwa.

Hata ikawa watoto wangu wawili wanahitaji ada kwa wakati mmoja, na fedha hazikutosha. Rafiki yangu akaniambia, "Pale mbele pana nafasi ya vyumba viwili vya kupangisha. Uondoe mkungu ule, utapata kodi kila mwezi." Nikaona shauri lake ni jema. Kiwanja ni changu, karatasi zake ninazo, na haja yangu haikuwa ya anasa. Nikawaita watu wenye msumeno. Mti uliolelewa miaka mingi na mtu nisiyemjua, ukalala chini kabla ya adhuhuri.

Hakuna aliyenishitaki, wala aliyenung'unika mbele yangu. Yule bibi alitundika kanga juu ya vijiti, akapika chini yake siku chache, kisha hakuonekana tena. Wavuvi walikwenda kukaa upande mwingine. Njia ikawa kimya. Basi siku moja, vyumba vyangu vimekwisha kuezekwa mabati, mzee mmoja wa mtaa wetu alipita, akaniamkia kwa adabu kama kawaida yake, akaniuliza, "Bwana Mchungaji, kivuli chetu umekipeleka wapi?" Akacheka kidogo, akaenda zake.

Neno lililonichoma ni lile "chetu." Nilitaka kumwita nimwambie, "Mzee wangu, mti ule ulikuwa mali yangu." Lakini kabla sijafungua kinywa nikafahamu ya kuwa hakuniuliza habari ya mti. Aliniuliza habari ya kivuli.

Watu wa pwani wanajua jambo ambalo sisi tuliotoka bara twakawia kulifahamu, ya kwamba ardhi na mti vyaweza kuwa na wenyewe wawili. Tangu zamani mtu aliweza kupanda minazi yake katika ardhi ya mwenziwe kwa ruhusa, na minazi ikawa ni yake aliyeipanda. Aliiangua, aliweza kuiweka rehani au kuiuza, na watoto wake waliirithi. Na ardhi ikabaki ni ya mwenyewe. Mgeni akisikia habari hii hudhani ni fujo, lakini sivyo. Ni akili ya watu waliotambua kwamba mahali pamoja paweza kubeba haki zaidi ya moja, na kwamba mtu akimiliki kitu hamiliki vyote vilivyo juu yake.

Ikiwa ardhi ina mwenyewe na mti una mwenyewe, je, kivuli kina nani? Kivuli hakikai mahali pamoja. Asubuhi, jua litokapo baharini, kivuli cha mkungu wangu kilimwangukia jirani wa magharibi. Adhuhuri kilikuwa kwangu. Alasiri kilivuka njia kikamfikia jirani wa mashariki. Hakuna jiwe la mpaka lililokizuia. Tena mti hunywa maji ardhini kwa mizizi yake na kuyatoa kwa majani kama mvuke, na mvuke ule ukitoka huchukua joto pamoja nao. Kwa hiyo hewa iliyo chini ya mti na kando yake hupoa. Hewa nayo haina mpaka. Mvua kubwa ya masika ikinyesha, majani huyapunguzia maji nguvu, na udongo ulioshikwa na mizizi huyanywa. Mti ukiondoka, maji yale hushuka kwa kasi yakaingia katika nyumba ya aliye bondeni. Basi nikaona hivi: ardhi yaweza kuwa ya mtu mmoja, na matunda yaweza kuwa ya mtu mmoja, lakini kivuli ni cha wote kinaowafikia. Anayekata mti katika uga wake, pamoja na kilicho chake, amekata na kisicho chake.

Najua majibu yatakayotolewa, kwa kuwa mimi mwenyewe niliyatoa moyoni mwangu siku nyingi. Nayo ni matatu, nami nataka kuyapima moja moja kwa haki.

Jibu la kwanza husema, "Mtu ni bora kuliko mti. Watoto wakikosa ada, mti una thamani gani?" Neno hili ni kweli, ila halikuwa swali langu. Yule bibi wa vitumbua ni mtu. Wavuvi ni watu, na watoto waliopasua kungu ni watu. Nilipojiambia ya kuwa nachagua kati ya watoto wangu na mti, nilijidanganya. Nalichagua kati ya watoto wangu na watoto wa wenzangu, bila kuwauliza. Hata vitani, katika sheria iliyoandikwa katika Kumbukumbu la Torati 20, wana wa Israeli waliokuwa wakiuzingira mji walikatazwa kuikata miti ya matunda iliyo nje yake. Adui alikuwa adui, lakini miti ilihesabiwa kuwa chakula cha watu, na vita vingekwisha, na watu wangebaki na njaa yao. Ikiwa askari mwenye shoka mkononi alitakiwa kufikiri kesho, je, mimi niliye katika amani, nisifikiri?

Jibu la pili ni zito zaidi, wala silidharau. Husema, "Viwanja vyetu ni vidogo. Tajiri mwenye uga mpana aweza kuacha nafasi ya mwembe na mkungu na maua ya kupendeza macho. Maskini mwenye hatua ishirini kwa ishirini, na watoto sita, na mama mzazi aliye mgonjwa, mwamwambia aache nafasi ya mti?" Ndugu zangu, hapa yatupasa kuwa waangalifu, tusije tukamtwika aliye dhaifu mzigo wa wote. Kama mtaa mzima umejaa nyumba, na mti umebaki mmoja tu katika uga wa mjane, si haki watu wote kumwambia mjane yule, "Usikate, maana ni kivuli chetu," nao wenyewe wamekwisha kata vyao. Kosa halikuanza kwake. Lilianza siku mtaa ulipopimwa, kila kipande kikagawiwa mtu, kisiachwe kipande hata kimoja kwa ajili ya wote.

Hapo nimekumbuka habari iliyomo katika Hesabu 35, ambayo mara nyingi twaipita upesi kwa sababu ni habari ya vipimo. Walawi walipewa miji 48 ya kukaa, na pamoja na kila mji ikaamriwa nchi ya malisho kuuzunguka, dhiraa 1000 kutoka ukuta wa mji kuelekea nje, ndiyo yapata mita 450. Nchi ile haikubaki kwa bahati baada ya watu kujenga. Ilipimwa pamoja na mji wenyewe. Tena katika Walawi 25 iko sheria ya ajabu. Nyumba ya Mlawi yaweza kuuzwa, kisha ikakombolewa. Lakini shamba la malisho ya mji haliuzwi kabisa. Kwa nini iwe hivyo? Kwa kuwa mwenye nyumba aweza kuuza kilicho chake kwa ajili ya dhiki yake, na siku moja atakirudisha; bali nchi ya wote, ikiuzwa na watu wa kizazi kimoja, imeuzwa pamoja na haki ya watu wasiozaliwa bado, nao hawakuulizwa wala hawakupokea bei yake.

Sheria ya nchi yetu nayo haiko mbali na akili hii. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, yasema kwamba halmashauri ya kijiji husimamia ardhi ya kijiji kama mdhamini kwa ajili ya wanakijiji, wala haina ruhusa ya kumgawia mtu ardhi bila kibali cha mkutano mkuu wa kijiji. Tena yatambua ardhi ya matumizi ya pamoja mbali na ardhi ya mtu mmoja mmoja. Maana yake, wanakijiji wakikubaliana katika mkutano wao kwamba mahali fulani pasijengwe, pawe pa miti na pa kupumzika na pa kucheza watoto, wana njia ya kufanya hivyo. Lakini ni wangapi kati yetu wanaohudhuria mkutano ule? Twaenda pale panapogawiwa viwanja. Panaposemwa habari ya mahali pa wote twasema tuna kazi.

Nayo mali ya wote huchukuliwa kwa urahisi, kwa kuwa haina mtu mmoja wa kuililia. Jirani zetu wa Kenya waliona jambo hili. Mwaka 1989 chama kilichotawala nchi kilitaka kujenga jengo la ghorofa 60 katika Uhuru Park, bustani iliyo katikati ya Nairobi, ambamo watu wasio na uga wala bustani kwao hupumzika siku za Jumapili pamoja na watoto wao. Mama mmoja, Wangari Maathai, ambaye mwaka 1977 alianza kazi ya kupanda miti pamoja na wanawake wa nchi yake, alipinga kwa barua na kwa maneno. Alitukanwa hadharani, na chama chake cha kupanda miti kikafukuzwa katika ofisi yake. Lakini jengo lile halikujengwa, na bustani ikabaki. Mwaka 2004 mama yule alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Watu wengi waliuliza, miti na amani vina uhusiano gani? Mimi nadhani aliyekosa mahali pa kukaa na jirani yake pasipo kulipa kitu angeweza kuwajibu.

Tena yako maneno yanayosemwa na baadhi yetu, kwamba bustani na miti karibu na nyumba ni mambo ya Wazungu. Maneno haya yana sababu yake, nayo ni ya uchungu. Wakati wa utawala wa Wajerumani, na wa Waingereza baada yao, miji yetu iligawanywa kwa rangi za watu. Katika Dar es Salaam Wazungu walikaa karibu na bahari katika nyumba zenye nafasi kubwa na miti mingi, na Waafrika walipimiwa viwanja vidogo vilivyobanana. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi kati ya Kariakoo na mtaa wa biashara, ili watu wa rangi mbalimbali watengwe. Mji wetu wa Tanga nao, mtu akitoka Ngamiani, pamoja na barabara zake zilizopewa hesabu badala ya majina, akaenda hata Raskazone, huona kwa macho yake kivuli kiligawiwa nani zamani zile. Basi si ajabu watu wakidhani ya kuwa kivuli ni cha wenye cheo.

Lakini tukisema hivyo tunawaachia waliotutenga neno la mwisho. Uwanja wa Mnazi Mmoja, uliokusudiwa kuwatenga watu, leo huwapumzisha watu wote. Tena kabla Mzungu hajafika, wazee wa pwani hii walijua kukaa pamoja na miti. Ng'ambo ya mpaka, si mbali na sisi, ziko kaya za Wadigo na za Wamijikenda wengine, ndizo makao ya kale yaliyojengwa katikati ya msitu, na msitu ukawa ngome yao. Mwaka 2008 UNESCO iliziingiza misitu ile ya kaya katika orodha ya urithi wa dunia. Yaliyoaminiwa na kutendwa mle si shauri langu leo. Nataka mlitazame jina tu. Katika Kiswahili chetu cha sasa, karani akihesabu watu huuliza, "Katika kaya hii mko wangapi?" maana yake, watu wanaokaa na kula pamoja. Kwa wazee wale kaya ilikuwa makao yaliyozungukwa na miti. Sisi tumelichukua neno, tumeiacha miti.

Wala watu wa Moa hawahitaji kufundishwa na mgeni kwamba miti ya wote yapasa kulindwa, kwa sababu ghuba yetu ina mikoko. Mkoko, mkandaa, mchu na mlilana, mtoto wa hapa ajua majina yake kabla hajajua kusoma. Mizizi yake hushika tope lisichukuliwe na mawimbi, na kati ya mizizi ile kamba na samaki wadogo hujificha hata wakue. Mtu akikata boriti moja, ghuba haioni. Wakikata wote, mvuvi huona katika wavu wake. Tangu mwaka 1994, kwa miaka zaidi ya kumi, vijiji vingi vya pwani ya Tanga viliingia katika mpango wa kulinda mikoko na matumbawe kwa mapatano ya wanakijiji wenyewe pamoja na serikali, kwa sababu watu walikwisha kuona hasara kwa macho yao. Basi nauliza: ikiwa tumekubali kwamba mkoko ulio majini si wa mwenye shoka peke yake, je, mkungu ulio njiani utakuwaje wake peke yake? Tofauti ni hii tu, kwamba hasara ya mkoko huonekana katika wavu, na hasara ya mkungu huonekana katika mambo yasiyohesabiwa: bibi aliyeacha biashara yake, wazee wasiokutana, watoto wanaofungiwa ndani kwa ajili ya jua.

Jibu la tatu husema, "Miti ina hasara. Mizizi hupasua kuta, majani huchafua uga, nazi humwangukia mtu, nyoka hujificha." Ni kweli, nami sitaki kusema kama mtu asiyefagia uga wake. Lakini hasara nyingi katika hizi hutoka katika kupanda ovyo. Mwembe, mfenesi na mkungu hutaka nafasi; ipandwe mbali na kuta na visima, mahali pa wote, penye njia panda, karibu na shule na nyumba za ibada. Mnazi usipandwe pale watoto wanapocheza wala juu ya paa. Mwenye uga mdogo apande mlimau, mpera, mkomamanga au mstafeli, ambayo haiwi mikubwa mno. Asiye na uga kabisa aweza kuotesha mrihani na mchicha katika debe kuukuu, na kupandisha mmea utambaao juu ya upenu. Mwarobaini huvumilia jua kali na udongo mkavu, nao hukua upesi. Mche wo wote uzungushiwe miiba, kwa sababu ya mbuzi, na wakati wa kaskazi umwagiwe maji yaliyooshea mchele, maana hayana gharama. Haya ni mambo madogo, lakini miche mingi hufa kwa kukosa mambo madogo.

Na zaidi ya hayo nashauri jambo moja lisilohitaji fedha wala sheria. Mtu akitaka kupanda mti mkubwa karibu na mpaka, au kuukata, kwanza awaulize majirani. Huenda watakubali ukatwe, huenda wana habari asiyoijua yeye, huenda watasema, "Kata matawi ya upande huu, uache ya upande ule." Mimi kama ningaliuliza, labda tungaliona njia ya kujenga chumba kimoja na kuuacha mti. Sijui. Lakini najua kwamba sikuuliza kwa sababu niliogopa kusikia jibu, na mtu anayeogopa kuuliza amekwisha kujua kwamba kuna haki ya mwingine pale.

Mnajua mithali yetu, mchumia juani hulia kivulini. Nayo ni kweli katika kazi nyingi: aliyetaabika ndiye atakayepumzika. Lakini katika habari ya miti mithali hii hugeuka. Aliyeupanda mkungu ule alifanya kazi juani, na waliokula kivulini ni wengine, mimi mmoja wao. Hakuniachia deni la fedha, bali aliniachia mfano, nami nikaukata. Nabii Yona alikasirika hata kutaka kufa kwa ajili ya mmea mmoja uliokauka, uliomtilia kivuli kichwani. Naye aliambiwa kwamba hakuufanyia kazi mmea ule wala hakuuotesha. Mimi naliketi chini ya mti nisioufanyia kazi, wala sikukasirika ulipoanguka, kwa sababu siku ile nilikuwa nahesabu kodi. Kodi yenyewe haikuwa kama nilivyohesabu. Vyumba vile, chini ya mabati na bila mti, vina joto kubwa, na mpangaji wa kwanza alihama kabla ya miezi mitatu.

Watu wengi husimulia kwamba Martin Luther alisema, hata kama angejua dunia itakwisha kesho, leo angepanda mti wa tofaa. Wataalamu waliotafuta neno hilo katika maandiko yake hawakulikuta. Ushahidi wake wa kwanza ni wa mwaka 1944, wakati wa vita, karibu miaka mia nne baada ya kufa kwake. Basi tusimtilie Luther neno asilolisema. Lakini yatosha kumtazama Ibrahimu, ambaye habari yake tunayo. Yeye alipanda mti huko Beer-sheba, nao katika Biblia yetu ya Kiswahili umeitwa mkwaju. Akaupanda naye angali mgeni katika nchi ya Wafilisti, nchi ambayo hakuwa bado na haki ya kuiita yake. Hakungoja hati ya ardhi. Nao majirani zetu Waislamu hufundishwa kwamba mtu akipanda mti, na mtu au ndege au mnyama akala katika mti ule, huhesabiwa kuwa ni sadaka yake. Katika jambo hili sisi na wao tuna mengi ya kufanya pamoja, na jembe halimwulizi mtu dini yake.

Kwa hiyo nilimwendea yule mzee nyumbani kwake, nikamwambia, "Mzee wangu, swali lako nimelipata. Kivuli chenu nimekiuza, wala bei yake haikunifaa sana. Nataka kupanda tena. Nipande wapi?" Hakunilaumu. Aliondoka, akashika fimbo yake, tukaenda pamoja hata njiani, naye akapima kwa hatua zake mahali pasipo ukuta wala kisima, panapofikiwa na nyumba nne. Mle njiani tulimpitia yule bibi, tukamwomba naye aseme neno. Alitazama jua, akasema, "Sogeeni huku kidogo. Asubuhi kivuli kitafika pale nitakapoweka jiko." Basi tukasogea.

Sasa pana mche wa mkungu pale, umezungushiwa miiba, na kimo chake haujanifika kiunoni. Watoto wa mtaa wamegawana siku za kuutilia maji. Huo si mti wangu, ingawa nilileta mche. Wala ardhi ile si yangu. Sijui nani atakaa chini yake utakapokua. Lakini mtu akiniuliza tena kivuli ni cha nani, nitamwonyesha mahali pale.

Nanyi ndugu zangu, kabla viwanja vipya havijapimwa katika mtaa wenu, nendeni mkutanoni, mkaulize ni kipande gani kitakachoachwa kwa ajili ya wote. Ulizeni mapema, maana kamba ikiisha kupita hapana nafasi tena.

Ni mimi ndugu yenu, Moa.